Mji ni wa Nani? Habari za Jinja na Mbale

Katiba ambayo Uganda ilipata nayo uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 iliigawa nchi kwa mafungu. Kulikuwa na falme nne: Buganda, Ankole, Bunyoro na Toro. Kulikuwa na Busoga, iliyopewa heshima karibu sawa na hizo nne. Zikafuata wilaya. Baada ya zote ukabaki mji mmoja uliotajwa peke yake, eneo la Mbale. Haukuwa mji mkubwa. Ulikuwa na soko, kituo cha reli, maghala ya kahawa, misikiti, makanisa na mistari ya maduka ya Wahindi. Uliwekwa kando kwa sababu wilaya mbili, Bugisu na Bukedi, kila moja ilidai kwamba mji ni wake, na Waingereza waliokuwa wakifunga virago hawakutaka kukata shauri hilo.

Jinja, iliyoko magharibi yake mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, haikugombewa na wilaya mbili. Hata hivyo, ukisoma habari za miji hii miwili kwa miaka mia moja na ushei, utaona kwamba mambo ya kila siku yaliyowashughulisha wakazi wake, yaani kodi, viwanja, nyumba, vibanda vya sokoni na kazi za kiwandani, karibu yote yalizunguka swali moja: nani mwenye haki hapa, na nani mpita njia tu? Jibu lilibadilika mara nyingi, na kila lilipobadilika kuna watu waliofungasha.

Aliyeanzisha Mbale mwenyewe alikuwa mgeni. Semei Kakungulu alizaliwa Kooki, akakulia katika vita vya Buganda vya mwishoni mwa karne ya 19, akawa jemadari wa upande wa Waprotestanti. Aprili 1899 alikuwa pamoja na Waingereza walipowakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda kule Lango. Baada ya hapo akageukia mashariki na wafuasi wake wenye bunduki, akajenga ngome moja baada ya nyingine, akaweka watu wake kuwa watawala, akafungua barabara na kupanda migomba katika nchi ya watu waliozoea kula ulezi. Kwa hesabu yake, Waingereza walikuwa wameahidi kumfanya mfalme wa Bukedi. Kwa hesabu ya Waingereza, alikuwa wakala asiye na mshahara. Hesabu mbili za namna hiyo haziwezi kukaa kwenye daftari moja. Walipoona amekuwa mkubwa kupita kiasi, walimnyang'anya ngome yake ya Budaka, na mnamo 1902 wakamwachia maili 20 za mraba mbele zaidi, chini ya milima.

Basi akahamia huko na watu wake. Upande mmoja kulikuwa na ukingo wa Wanale, mwamba mrefu unaosimama juu ya mji kama ukuta, maporomoko ya maji yakining'inia mvua inaponyesha. Chini ulipita Mto Nabuyonga. Kakungulu aligawa viwanja, akapanga njia na kupanda miti, na haikupita muda soko likachangamka. Waswahili, Waarabu na Wahindi wakafika, kwa kuwa misafara iliyokwenda kaskazini kutafuta pembe za ndovu Karamoja ilihitaji mahali pa kununua chakula na kuajiri wapagazi. Kufikia 1904 serikali nayo ikaleta ofisi zake hapo hapo. Ilimwondoa Budaka ili apoe, kisha ikamfuata alikohamia kwa sababu soko lilikuwa limekwenda naye. Wakazi wa asili wa miteremko ile, Wagisu, hawakuulizwa na upande wowote. Kumbukumbu hiyo ilikaa, na miaka sitini baadaye ikaja kudai chake.

Mwaka 1906 Waingereza walimtafutia Kakungulu kazi mbali na Mbale. Walimpeleka Jinja awe rais wa Lukiiko ya Busoga, baraza la machifu. Jinja wakati huo ilikuwa boma changa. Makao ya serikali ya Busoga yalikuwa yamehamishiwa hapo kutoka Iganga mwanzoni mwa karne, kwa ajili ya ziwa na bandari yake. John Hanning Speke alikuwa amefika kwenye maporomoko ya hapo tarehe 28 Julai 1862 na kuyaita Ripon, kwa jina la bwana mkubwa wa chama cha wanajiografia cha London, ingawa wavuvi wa hapo walikuwa na majina yao. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetandaza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda, alikuwa na duka Jinja pia. Lakini hizo zilikuwa siku mbaya. Malale yaliangamiza maelfu ya watu katika mwambao wa ziwa, serikali ikawaondoa waliobaki kwenye fukwe, na mwaka 1908 njaa ikaipiga Busoga. Kwa hiyo mji ulikua pembezoni mwa nchi iliyokuwa ikizika watu wake. Hilo husahaulika haraka Jinja inapotajwa kuwa mji wa neema.

Kakungulu alikaa huko hadi 1913, akiwa Mganda anayewaongoza machifu wa Kisoga, jambo ambalo hata yeye hakulifurahia sana. Aliporudi Mbale alikuwa mtu aliyechoka na ahadi. Alijiunga kwanza na dhehebu la Malaki, waliokataa dawa za hospitali, halafu akaendelea kusoma Agano la Kale kwa njia yake, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe na kutangaza kwamba wao ni Wayahudi. Wakoloni walidhani ni hasira za mzee aliyenyimwa ufalme. Labda hasira ilikuwemo, lakini hasira peke yake haijengi jamii inayodumu. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na Abayudaya, kama wafuasi wake hao wanavyoitwa, bado wapo: sinagogi lao liko kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, Ijumaa jioni sala zikisomwa kwa Kiebrania na Kiganda. Na Kabalega, ambaye Kakungulu alisaidia kumkamata, naye alimalizikia katika mojawapo ya miji hii. Aliruhusiwa kurudi kutoka uhamishoni Shelisheli, akafariki njiani, Mpumudde katika Jinja, tarehe 6 Aprili 1923, bila kuiona tena Bunyoro.

Reli ndiyo iliyoifanya miji hii iwe miji kweli. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, ambako meli za Ziwa Kyoga zilipokea mizigo. Pamba ya Busoga na Teso ikapita hapo kwenda Ziwa Victoria, kisha Kisumu, kisha Mombasa. Mwaka 1928 reli kutoka Kenya ikafika Jinja, mwaka uliofuata tawi lake likapita Mbale hadi Soroti, na 1931 daraja likavuka Nile, treni ikafika Kampala. Viwanda vya kuchambua pamba vikaota kila mahali. Muljibhai Madhvani akajenga kiwanda cha sukari Kakira, mashariki mwa Jinja. Kwenye Main Street ya Jinja wafanyabiashara walijenga nyumba za orofa moja au mbili, duka chini na familia juu, zenye varanda pana ya kukinga mvua na, juu kabisa ya ukuta wa mbele, jina la mwenye nyumba au mwaka wa kujengwa. Mengi ya maandishi hayo yanasomeka hadi leo. Waliojenga hawakuwa na nia ya kuhama, maana mpita njia haandiki jina lake kwenye saruji.

Winston Churchill alipopita Jinja mwaka 1907 alitazama maji yale yakianguka bure akaona mashine za umeme. Ilichukua miaka mingine zaidi ya arobaini. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls ulianza 1949, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua tarehe 29 Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon yakazama. Umeme ukavuta viwanda: nguo za Nytil, kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe upande wa pili wa nchi, chuma, bia ng'ambo ya mto, huko Njeru. Sehemu ya umeme huo ikauzwa Kenya, huku vijiji vilivyosikia mngurumo wa bwawa vikiendelea kuwasha koroboi kwa miaka mingi.

Viwanda vilitaka mikono, na hapa ndipo habari ya Walukuba inapoingia. Serikali ilijenga mtaa huo mashariki mwa mji kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umepangwa kwa rangi: Wazungu kwenye bustani karibu na ziwa na uwanja wa gofu, Wahindi katikati kwenye maduka, Waafrika mbali na upepo. (Uwanja huo wa gofu ulipata umaarufu kwa kanuni yake inayoruhusu mchezaji kuokota mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, lakini hakuna kanuni iliyomlinda mwanamke wa Masese, kando ya ziwa, aliyekutana na kiboko huyo huyo akienda kuteka maji.) Nyumba za Walukuba zilikuwa ndogo, zimepangwa mistari, bomba na choo vya kutumia wengi. Wakaaji wake wengi hawakuwa Wasoga. Msoga aliyeajiriwa kiwandani alipendelea kubaki kwenye shamba lake na kupiga baiskeli alfajiri kwenda kazini, jioni akarudi kwenye migomba yake. Kwa nini alipie chumba ilhali ana uwanja? Walukuba ikajaa Waluo na Waluhya kutoka Kenya, Wateso, Waacholi, watu wa West Nile. Kazini, kambini na kwenye mabaa walielewana kwa Kiswahili. Mtu akifa, watu wa kwao walichanga pesa, wakakodi gari, wakampeleka maiti nyumbani. Mji ulikuwa mahali pa kufanyia kazi, na kaburi lilikuwa kwao.

Watafiti wawili, Cyril na Rhona Sofer, waliupima mji huo kwa makini mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1955. Walichokiona ni watu wa rangi tatu wanaokutana kwenye kaunta ya duka na lango la kiwanda, kisha kila mmoja akaenda kwake. Vilabu vilikuwa tofauti, shule tofauti, hospitali tofauti. Ukumbi wa sinema ulikaribia kuwakutanisha, ingawa huko nako bei ya kiti ilijua kupanga watu.

Mbale ilikwenda mwendo mwingine, kwa kuwa utajiri wake ulishuka mlimani. Kahawa ya arabika iliyopandwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon ilikuwa mali ya wakulima wadogo. Mwaka 1954 walisajili chama chao kikuu, Bugisu Co-operative Union, makao yake Mbale. Mkulima aliichuma kahawa ikiwa nyekundu, akaimenya maganda, akaichachusha usiku, akaiosha na kuianika mikekani, halafu ikateremshwa kichwani kwa njia za utelezi hadi kwenye ghala la chama. Kwenye mizani ndiko siasa ilikoanzia: nani anapima, nani anapanga daraja, na kwa nini bei ya pili inachelewa. Serikali ya kikoloni, na ya uhuru baada yake, ziliingilia chama hicho mara kwa mara, lakini wakulima hawakukoma kukiita chao. Wagisu waliojifunza kuendesha mikutano na kusoma hesabu za chama ndio hao hao waliokuja kusema, kwa sauti ya watu wenye ghorofa mjini, kwamba Mbale ni mji wao.

Na kila mwaka unaogawanyika kwa mbili waliusema kwa miguu. Imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, hufanyika katika miaka hiyo, na ufunguzi wake mkubwa huwa Mutoto, pembeni mwa Mbale, mwezi Agosti. Kijana huzunguka siku kadhaa kwa jamaa zake akicheza, njuga zikilia mapajani, mwili umepakwa unga wa kimea cha ulezi. Siku yenyewe hupakwa tope la kinamasi, akasimama wima katikati ya umati, mikono juu ameshika fimbo, na haruhusiwi hata kupepesa macho kisu kinapopita. Ngoma za kadodi huingia barabarani, wenye maduka wakarudisha bidhaa ndani, magari yakasimama, na kwa saa kadhaa hakuna askari wala diwani mwenye amri juu ya mji. Mkazi wa Mbale asiye Mgisu hukumbuka siku hizo amepanga wapi.

Upande wa Bukedi nao walikuwa na hoja. Wagwere na wenzao walikuwa wakija soko la Mbale tangu lianze, ofisi za wilaya yao zilikuwa hapo, na baadhi ya viwanja vya mji viko kwenye tambarare ambayo wao huihesabu yao. Januari 1960 ghasia za kodi zililipuka Bukedi na kugusa Bugisu, watu wakichoma nyumba za machifu waliowakadiria kodi kwa upendeleo. Damu ikamwagika, tume ikaundwa. Katika hali hiyo, mpaka wa mji haukuwa mstari wa ramani tu. Aliyeshika Mbale alishika kodi za maduka, ada za soko na ajira za ofisini. Ndiyo maana katiba ya 1962 ikauacha mji bila mwenyewe. Katiba ya 1967 ikafuta falme na mafungu ya zamani, Bukedi ikahamishia makao yake Tororo, Mbale ikabaki upande wa Bugisu. Wazee wa pande zote mbili wanaikumbuka Mbale ya miaka ile kwa jambo jingine: kwamba ulikuwa mji msafi kupita yote Uganda, mitaro imezibuliwa, miti imekatwa sawasawa, na takataka zilizoachwa barazani zilimletea mwenye duka faini.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa kambi ya Jinja waliasi wakidai mishahara, wakamzuia waziri Felix Onama hadi akubali; majeshi ya Uingereza yakaitwa kuwatuliza, lakini askari walipata nyongeza yao, na Jinja ikajua kwamba kambi ina nguvu kuliko halmashauri. Mwaka 1970 serikali ya Rais Obote iliwafukuza Wakenya waliokuwa wakifanya kazi za kawaida nchini, na Walukuba ikatoa watu waliokuwa wameishi humo tangu bwawa lijengwe. Kufukuzwa kwao hakukumbukwi sana, pengine kwa sababu hawakuacha nyumba za orofa za kugombewa.

Nyumba hizo zilifuata. Tarehe 5 Agosti 1972 Idi Amin, aliyekuwa amempindua Obote, aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Kufikia tarehe 8 Novemba Main Street ya Jinja na mitaa ya katikati ya Mbale ilikuwa na funguo bila wenyewe. Kakira ikachukuliwa na serikali. Maduka yaligawiwa kwa askari, makarani na jamaa za wakubwa. Wengi waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu zilipokwisha hawakujua bidhaa huagizwa wapi. Sukari ikawa ya magendo katika mji ulio kando ya mashamba ya miwa. Nyumba zikaingizwa kwenye bodi ya kutunza mali za walioondoka, na chumba kimoja cha daktari kikakaliwa na familia tatu, jiko la mkaa kwenye sakafu ya mbao. Majina kwenye saruji hayakufutwa. Sidhani ilikuwa heshima. Hakukuwa na pesa ya kupaka rangi.

Majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nayo dhidi ya Amin yaliingia Jinja tarehe 22 Aprili 1979, siku kumi na moja baada ya Kampala, na kulikuta bwawa salama. Miaka ya 1980 ilikuwa ya viwanda vilivyokufa kimoja kimoja. Akina Madhvani walirudi Kakira katikati ya muongo huo na kuifufua. Wengine walirudi kuchukua hati zao, wakauza, wakaondoka. Tangu 1986 kamati za mitaa, zilizoitwa RC kisha LC, zimekuwa serikali ambayo mkazi wa kawaida anaijua kweli. Bila barua ya mwenyekiti hufungui akaunti benki wala huuzi kiwanja, na ugomvi wa ukuta au wa mbuzi huanzia kwake. Kwa mara ya kwanza mpangaji wa Walukuba au wa Namatala, mtaa wa Mbale uliojaa wahamiaji kutoka Teso na Karamoja, angeweza kugombea uongozi wa mahali anapolala.

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale na kuuletea mji wanafunzi kutoka nchi nyingi. Treni ya Soroti iliacha kupita, nyasi zikaota relini. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake baada ya mvua kubwa, ikaua watu zaidi ya 20, wengi wao waliokuwa wamejenga kwenye mabonde, kwa kuwa viwanja vya juu vilikwisha kugawanywa zamani.

Miaka miwili kabla ya mafuriko hayo, tarehe 1 Julai 2020, Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji siku moja. Mipaka ilipanuliwa: Bugembe, Mafubira na Budondo zikaingia Jinja, Nakaloke ikaingia Mbale. Watu waliolala wakulima wa mihogo waliamka wakazi wa jiji, na wakaanza kuuliza watalipa kodi gani na shamba litapimwa na nani. Watu wa Walukuba wa 1950 waliuliza vivyo hivyo, na majibu waliyopewa yako kwenye karatasi ambazo zinaendelea kupotea. Kwa hiyo, msomaji wa Jinja au Mbale, ukikuta nyumbani kwenu stakabadhi za pango, daftari la chama cha kahawa, au orodha ya michango ya kusafirisha maiti, usimpe muuza karanga afungie. Ipeleke maktaba, au mpe mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe.